Nyanya ya Galápagos na kisima cha Pangani: kumbukumbu ya mradi wangu, msimu wa tatu

Kisima cha nyumbani kwetu hapa Pangani hutoa maji ya chumvichumvi mwaka mzima. Masika yakiwa yamekolea, kifaa changu cha kupima chumvi husoma takriban 3.5, na mwezi wa Februari hupanda hadi 6.8 desisimensi kwa mita, kipimo ambacho kadiri kinavyopanda ndivyo chumvi inavyozidi. Nyanya za kawaida huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo inapopita 2.5, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka baada ya hapo hula karibu sehemu moja ya kumi ya mazao. Ndiyo sababu nilianza kupandisha nyanya ya Tengeru 97, aina ya shambani ya hapa Tanzania, na ndugu yake wa porini, Solanum galapagense, ambayo asili yake ni visiwa vya Galápagos nchini Ekwado, ambako huota hadi kwenye miamba ya lava iliyo jirani kabisa na bahari.

Kilichonishawishi ni jaribio lililochapishwa mwaka 1976 na Rush na Epstein wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Nyanya ya Galápagos ilibaki hai katika maji ya virutubisho yenye chumvi sawa na ya bahari, wakati nyanya ya shambani waliyoilinganisha nayo mara nyingi haikustahimili zaidi ya nusu ya kiwango hicho.

Msimu wa kwanza ulipotea kwa sehemu kubwa katika kuotesha. Mbegu hizi zina ganda gumu, na kwa majuma matano sikuona hata chipukizi moja. Mtaalamu wa nyanya Charles Rick alionyesha zamani kwamba mbegu zikipita tumboni mwa kobe wakubwa wa visiwa hivyo huota vizuri zaidi. Mimi sina kobe, lakini jiki ipo. Niliichanganya nusu kwa nusu na maji, nikaloweka mbegu kwa dakika 30, nikazisuuza mara nyingi, na siku ya nane chipukizi zikaanza kuchomoza.

Upandishaji wenyewe ni kazi ya mikono isiyotetemeka. Jioni nilitafuta ua la Tengeru ambalo lilikuwa bado kufunguka, petali zake zikiwa ndiyo kwanza zinageuka njano mpauko, nikang'oa koni ya stameni, yaani sehemu ya kiume yenye chavua, kwa kibanio cha nyusi bila kugusa kikonyo cha kike kilichomo katikati. Asubuhi nilikipaka chavua ya nyanya pori niliyoikung'utia juu ya kioo cha saa. Kati ya maua 22, matunda yalishika katika 9. Kizazi cha kwanza hakikuniacha na shaka kwamba mbegu zimechanganyika kweli, kwa kuwa matunda yake yalikuwa na ukubwa wa goroli na rangi ya chungwa, rangi ambayo mzazi wa porini huirithisha kwa nguvu. Mama aliyaona kwenye sahani akaniuliza, "Mwanangu, haya ni matunda au ni dawa?"

Baada ya hapo nilipandisha mimea hiyo chotara tena na Tengeru ili kurudisha ukubwa wa tunda, nikapata miche 132. Hapa ndipo nilipokosea, na nataka kueleza kosa hilo kwa kirefu kwa sababu limenigharimu msimu mzima. Miche 120 niliiweka kwenye ndoo za mchanga, nikaongeza gramu 3 za chumvi kwa kila lita ya maji kila baada ya siku mbili hadi kufikia gramu 9, yaani karibu robo ya chumvi ya bahari. Baada ya majuma matatu ilibaki hai 41, nami nikaipanga kwa uzuri wa majani, ile ya kijani kibichi kabisa nikiitia kamba nyekundu. Miche 12 iliyosalia sikuipa chumvi hata kidogo. Niliihifadhi kwa ajili ya kulinganisha tu.

Yote niliihamishia kwenye vyungu na kuimwagilia maji ya kisima. Ilipozaa, mimea sita ndiyo iliyokuwa na mavuno ya maana, na kati ya hiyo miwili tu ilikuwa na kamba nyekundu, huku mmoja ukitoka katika ile 12 ambayo haikuchujwa kabisa. Nilikuwa nimechagua mimea mizito wa kukua. Mmea unaokua polepole hunywa maji machache, kwa hiyo huvuta chumvi chache, na ukijaribiwa kwa majuma matatu huonekana shujaa. Nyanya pori nayo haina desturi ya kuizuia sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) mizizini. Huipandisha hadi majanini na kuishi nayo humo, tofauti na ngano fulani ambazo jeni zake huizuia isifike juu. Hivyo hata kuhukumu kwa kupima sodiamu ya jani, kama nilivyokuwa nimepanga, kungenipotosha.

Jambo jingine lililoonekana msimu huu ni kuoza kwa kitako cha tunda, kwa kuwa chumvi huzuia kalsiamu kufika kwenye tunda. Mmoja wa mimea sita ulipoteza karibu nusu ya matunda yake namna hiyo, nami nimeuondoa ingawa utamu wake ulizidi yote.

Kwa sasa mbegu za mimea mitano zimechachushwa, zimeoshwa na zinakauka juu ya gazeti, kila kundi na namba yake iliyokwaruzwa kwa msumari kwenye kipande cha kopo, kwa kuwa wino wa mwaka jana ulifutwa na jua. Msimu ujao sitatumia ndoo za mchanga. Miche yote itapata maji ya kisima tangu siku ya kuhamishwa, na nitapima kitu kimoja tu, uzito wa matunda mazima kwa kila mmea. Nitaisia mwanzoni mwa Septemba ili matunda yakute miezi ya Januari na Februari, wakati kisima kikiwa kikali kuliko miezi yote.