Hayo matobo kwenye ratiba si mapumziko

Shule ya bweni niliyosoma kidato cha tano na sita, simu ilikuwa marufuku. Kengele ilitupangia kila kitu: kuamka, darasa, chakula, prepo, kulala. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kengele ikaisha, na simu ninayo mkononi. Ratiba ya semesta ya kwanza ilijaa matobo: kipindi kimoja saa mbili asubuhi, kingine saa nane mchana, katikati hakuna kitu. Muda huo vimbweta, yaani meza na viti vya zege vya kusomea nje, vilijaa watu, na wengi walikuwa wameinamia TikTok.

Aliyenifungua macho ni dada wa mwaka wa tatu niliyekaa naye chumba kimoja hosteli ya Mabibo. Alinifundisha kusoma krediti. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 inadai saa 120, na humo umo mhadhara, semina, na kusoma mwenyewe. Mimi nilikuwa na krediti 60 kwa semesta, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15: saa 40 kila wiki, kama mtu aliyeajiriwa. Vipindi vyangu vyote havikufika hata nusu yake.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hayo matobo si mapumziko. Ni saa za kozi, ila hakuna anayekuita jina."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipangia chuo.

Kuzima simu moja kwa moja haiwezekani, na wanaotushauri hivyo hawajui maisha ya chuo. Notsi zinatumwa WhatsApp, ukumbi ukibadilishwa unajulishwa WhatsApp, kazi ya kikundi inagawanywa hukohuko. Unafungua kutafuta notsi, unakutana na video, saa imeondoka. Kwa hiyo nilitenganisha. Asubuhi nikifika maktaba napakua notsi zote kwa intaneti ya chuo, kisha nazima data. Zile ndefu nazichapisha steshenari, maana karatasi haina kitu kingine cha kunivutia. Tulimwomba pia CR wetu, mwakilishi wa darasa, afungue kundi la pili ambalo viongozi tu ndio wanaoandika: tarehe za test, ukumbi, mwisho wa kukusanya kazi. Lile la zamani likabaki la stori, nami nikalinyamazisha.

Tobo linalofuata mhadhara ndilo nililolithamini kuliko yote. Nakaa kimbweta, nafunga daftari, naandika ninachokumbuka bila kuchungulia, halafu nalinganisha na notsi. Nilichokosa ndicho ninachosoma jioni. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kurudia kusoma, ndiyo maana inakaa kichwani. Alama 40 kati ya 100 za kozi zinakusanywa wakati wa semesta, wiki hadi wiki. Ukisubiri UE, mtihani wa mwisho wa semesta, unagombea 60 zilizobaki ukiwa umechoka.

Usiku una vita yake. Bando la usiku ni nafuu, na linaanza pale ambapo mtu angepaswa kulala. Ubongo huimarisha tuliyojifunza tukiwa usingizini, kwa hiyo anayekesha na video anapoteza na alichosoma mchana. Chumbani tulikubaliana simu zote zichajiwe kwenye meza iliyo karibu na mlango, mbali na vitanda.

Siichukii mitandao. Takwimu nilizielewa kupitia YouTube, ingawa kumtazama mtu akikokotoa si kukokotoa. Baada ya kila somo nilirudia maswali yale mwenyewe kwa kalamu. Na yupo mwenzangu anayeuza vitenge Instagram. Boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, hicho ndicho chakula chake na cha mdogo wake aliye sekondari. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba anapoteza muda. Shida yake ilikuwa wateja wanaouliza bei katikati ya semina, naye anaogopa wasihamie kwa mwingine. Tulikaa tukaandika kwenye ukurasa wake kwamba maswali yanajibiwa saa saba mchana na saa moja jioni, na bei akaziweka kwenye kila picha. Wateja walizoea, na semesta ile alimaliza bila sup, mtihani wa kurudia, hata moja.