Nilivyojifungia nje ya swichi, Uyole

Baridi ya Uyole, Mbeya, mwezi wa saba haina utani. Nilifanya kazi na koti. Swichi moja ya Cisco (kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao), mafundi sita, nywila moja, tena imebandikwa ukutani!

Nikampa kila mtu jina lake kwenye seva ya RADIUS, inayohakiki anayeingia: wa kutazama tu ngazi ya 1, mimi na mwenzangu ngazi ya 15, yenye ruhusa zote. Telnet, njia ya kuingia kwenye swichi kwa mbali, nikaizima, maana hupitisha nywila peupe; ikabaki SSH, inayoificha. Seva isipojibu, swichi isome akaunti zake za ndani.

Akaunti zipi? Sikuunda hata moja. Nikatoka, nikachomoa waya wa seva kujaribu, mlango ukanifungia. Afadhali sikuwa nimehifadhi mipangilio: nikaizima swichi, nikaiwasha, nikaanza upya. Chai ilishapoa.