Mhariri Kwanza, Mpiga Chapa Baadaye

Vijana wanaoandika riwaya hapa Tanga huniuliza mara kwa mara kitabu kinachapishwa wapi na kwa shilingi ngapi. Wana haki ya kuuliza, lakini naamini kuna swali linalopaswa kutangulia: nani ameusoma mswada huo kwa jicho kali?

Naijua sababu ya haraka yao. Shirika la uchapishaji likiukubali mswada, hubeba gharama zote na kumlipa mwandishi mrabaha, ambao mara nyingi hukaribia asilimia 10 ya mauzo; ila mashirika yetu yamezoea kutegemea soko la shule, na riwaya ya mtu asiyejulikana, isiyokuwemo katika orodha ya vitabu vya fasihi vinavyosomwa darasani, ni biashara ambayo wengi huiogopa. Mwandishi husubiri jibu kwa miezi, pengine lisije kabisa. Kusubiri huku si kugeni katika mkoa huu: Shaaban Robert, aliyezaliwa na kuzikwa huku kwetu, alifariki mwaka 1962, na riwaya yake Utubora Mkulima ikatoka mwaka 1968.

Aliyechoka kusubiri hukusanya akiba yake, akaomba namba ya utambulisho wa kitabu (ISBN) kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kisha akaenda kwa mpiga chapa. Huko huelezwa kwamba gharama ya kutayarisha mtambo wa ofseti, yaani wa kuchapa kwa mabamba, ni ile ile, iwe nakala 100 au 1,000, hivyo kadiri nakala zinavyoongezeka ndivyo bei ya kila moja inavyopungua. Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayowaponza wengi, kwa kuwa fedha yote huishia kwenye karatasi, na hadithi ikatoka na kasoro zake zote, ikiwa imerudiwa mara 1,000.

Mhariri wa riwaya hafanyi kazi ya kusahihisha tahajia tu. Yeye ndiye anayegundua kwamba mhusika aliyeshika mimba wakati wa masika amejifungua kabla ya vuli ya mwaka huo huo, kwamba sura ya tatu inaeleza kwa maneno ya msimulizi yale ambayo mazungumzo yamekwisha kuyaonyesha, au kwamba msimulizi amejua jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Kwetu sisi ana kazi nyingine nzito zaidi, nayo ni kuamua mvuvi wa Tongoni aachwe azungumze lahaja yake ya Kimtang'ata kwa kiasi gani ili msomaji wa Mwanza amwelewe bila mvuvi huyo kupoteza sauti yake. Nimesoma miswada ambamo bibi wa kijijini anazungumza kama taarifa ya habari, na niliumia, maana mwandishi wake alikulia nyumba moja na bibi wa namna hiyo.

Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo huwapa washindi fedha na kugharimia uchapishaji wa kazi zao, humpima mtu kwa mswada alioupeleka.

Asiye na fedha ya kumlipa mhariri awatafute wasomaji watatu wasio ndugu zake, mmoja wao akiwa mwalimu wa Kiswahili, awape mswada uliochapwa kwa nafasi pana kati ya mistari pamoja na kalamu nyekundu, na asikae nao kuutetea wakati wanausoma. Akishaandika upya, ndipo aende kuuliza bei ya nakala 100.