Siku moja maishani mwangu: miche ya mpingo iliyozaliwa chupani

Saa 12 asubuhi nishafika kitaluni, huku Kisauni. Lazima niwahi, maana jua la Mombasa halina huruma kwa mche uliotoka maabara. Chupani ulizoea unyevu wa karibu asilimia 100, kwa hiyo majani yake yana nta haba na vitundu vyake vya hewa havijazoea kujifunga.

Nafungua chupa ya kwanza. Naushika mche kwa vidole viwili, nauosha jeli uliyooteshewa chupani kwa maji vuguvugu mpaka mizizi isiteleze tena. Jeli ina sukari, na ikibaki kidogo tu ukungu unaingia. Mizizi ni mitatu, myeupe, myembamba kama uzi wa cherehani. Haijawahi kugusa udongo.

Wala haijawahi kukutana na bakteria. Porini mpingo, ambao ni wa jamii ya kunde, huwapata raizobia ardhini, wakajenga vinundu mizizini na kuupa naitrojeni kutoka hewani. Huu wangu nisipoukutanisha nao mimi, nani ataukutanisha? Nauchovya kwenye uji wa mboji yenye raizobia, naupanda kwenye kiriba cha mchanga na vumbi la makumbi lililosuuzwa chumvi. Maji nayalaza kwenye pipa wazi tangu jana ili klorini, dawa ya kuua vijidudu, ipungue isiwaue raizobia. Mwaka jana sikufanya hivyo, na mizizi mingi ikatoka mitupu, bila vinundu.

Saa 4, mahamri na mbaazi. (Mbaazi nayo huishi na raizobia vilevile.)

Mchana kutwa ni kunyunyiza ukungu wa maji ndani ya hema la nailoni. Mzee tunayefanya naye kazi ananiuliza kila siku, "Mwanangu, mbona huipi samadi?" Namwambia, "Babu, ikishiba naitrojeni ya bure haitahangaika kujenga vinundu." Hajaridhika bado.

Saa 10 naenda kwa miche ya wiki ya nane, ambayo hema lake tumekuwa tukilifunua kidogo kidogo. Nachomoa mmoja kiribani, natikisa mchanga. Kwenye mzizi wa pembeni kuna vinundu vitano, vidogo kuliko punje ya mtama. Nakipasua kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu cha waridi, rangi ya kinundu kinachofanya kazi. Namwita mzee aje. Anainama, anakitazama kwa muda mrefu.

"Basi samadi tuiache," anasema.