Siku moja na kiti, futi na wazee wa Mikindani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamkia Chikongola, Mtwara mjini. Wakati chai inachemka napakia begi: futi, kishikwambi, fomu za ridhaa, kidau cha wino wa dole gumba, na vifuko vya mchanga nilivyoshona kwa kanga chakavu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaani wanasema "dokta wa mazoezi", nami naitika. Kwa sasa niko kwenye utafiti wa namna wazee wanavyotembea, wanavyoinuka na kusimama bila kuyumba.

Saa kumi na mbili na nusu. Daladala ya Mikindani. Konda anataka nauli ya kiti changu cha plastiki. "Dada, nacho kimekaa." Nalipa.

Saa mbili. Kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha salamu za nyumba kwa nyumba, kisha fomu. Bibi mmoja anakitazama kiti kwa matumaini.
"Mjukuu wangu, mnagawa viti?"
"Hapana bibi, ni cha kukalia na kuinuka."
"Kuinuka tu ndiko kumewatoa mjini?"

Saa tatu. Ndiyo, kuinuka tu. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1991 na Podsiadlo na Richardson wa Kanada: mzee anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu sekunde. Mwongozo wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, unasema anayetumia sekunde 12 au zaidi yuko kwenye hatari ya kuanguka. Sisi tunakiegemeza kiti ukutani kisiteleze, na tunapimia kwenye kibaraza cha sementi, maana uani ni mchanga mtupu na mchanga unamchelewesha hata kijana.

Bibi wa viti anamaliza kwa sekunde 11. Naandika, namshukuru, naye anakwenda zake mkekani kupumzika. Hapo ndipo nikaacha kuandika. Anashika nguzo, anapiga goti, anatafuta bega la mjukuu, kisha anajiachia kama gunia. Nikamuuliza alianguka lini mara ya mwisho. Kumbe ni juzi tu, alipokuwa anainuka mkekani kwenda chooni usiku. Kwenye fomu yangu huyu ni mzima kabisa!

Ndiyo maana napenda kipimo cha Wabrazili. Daktari Claudio Gil Araújo na wenzake waliwaketisha watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80 sakafuni na kuwataka wainuke. Alama ni 10. Kila mkono au goti unalotegemea linakukata alama 1. Matokeo yalitoka mwaka 2012: waliopata alama za chini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka iliyofuata. Kwa watu wanaolia chakula chini, wanaopaa samaki wamekaa kwenye kigoda na wanaosujudu mara tano kwa siku, sakafu ndiyo yenye habari. Siku hizi nawauliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote: "Umeanza lini kuswali kwenye kiti?" Wanajibu papo hapo, na sababu wanakupa: magoti, kizunguzungu, ganzi ya kisukari miguuni.

Saa tano. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi waligundua kwamba wazee wanaosimama wakizungumzishwa njiani ndio walioanguka zaidi baadaye, kwa sababu kutembea kumeshawamaliza akili yote. Kipimo kizuri, ila kwetu kinagoma. Mzee wa Mikindani akipewa shikamoo atasimama hata akiwa mwepesi kama swala wa porini, ni adabu. Kwa hiyo tunawaambia watembee huku wakitaja samaki. "Changu, kibua, nguru, tasi, pweza…" Mwenzake akadakia kutoka barazani kwamba pweza si samaki, na kazi ikasimama.

Saa saba. Ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki.

Saa nane. Kikundi cha mazoezi. Tunafuata mfano wa Otago, New Zealand, wa kuimarisha miguu na kusimama imara nyumbani, uliopunguza kuanguka kwa takribani asilimia 35. Wao hufunga vyuma vidogo kwenye vifundo vya miguu. Vifuko vyangu vya mchanga vinafanya kazi hiyohiyo. Halafu kutembea kisigino kwa kidole juu ya kamba, kuanzia kwa kushika ukuta. Akina mama wanacheka, wanafanya. Akina baba wanatazama kwanza. Oktoba msimu wa korosho ukianza sitampata mtu, ingawa kuinama na kuokota kutwa nzima nako ni zoezi tosha.

Saa kumi na mbili jioni. Naingiza takwimu, kisha najadiliana na msimamizi wangu wa utafiti kwenye simu. Anasema swali langu la kuswali kwenye kiti halijathibitishwa kuwa kipimo, na hapo yuko sahihi. Tumekubaliana lijaziwe kama maelezo tu. Kesho mimi na mwenzangu tutamhoji na kumpima kila mzee, kila mmoja kivyake, bila kuoneshana majibu, tuone kama tunapata kitu kilekile.