Ploti ng'ambo ya Mbagathi: maji, maji taka na seng'enge

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu, na pande tatu zake zina ua. Kusini iko wazi. Mpaka wa huko ni Mto Mbagathi, na ukishavuka ni nyanda za Kitengela na Kaputiei. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutawanyika huko kufuata majani machanga. Kiangazi kikibana hurudi mbugani kwenye mabwawa na mto. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1946 kwa kutegemea kwamba nyanda zile zitabaki wazi. Zikifungwa, kinachobaki ni bustani kubwa ya wanyama iliyo kando ya jiji.

Rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga wa 2020 hadi 2030 ilipotoka, kelele nyingi zilihusu ua wa kusini: ujengwe au usijengwe. Kwa maoni yangu mjadala ule ulikosa shabaha, kwa sababu ua huo unajengwa tayari. Unajengwa ng'ambo ya mto, mashamba yanakokatwa ploti, kila Jumamosi na mafundi wa nguzo na waya, ploti moja baada ya nyingine, na anayeulipia anadhani analinda mahindi yake tu.

Piga hesabu. Shamba la mraba la ekari 100 lina mzunguko wa kama kilomita 2.5. Likatwe ploti za futi 50 kwa 100, nane kwa ekari, na kila mwenye ploti azungushie yake. Hata majirani wakitumia ukuta mmoja katikati yao, urefu wa ua unapita kilomita 35. Eneo ni lile lile, udongo ni ule ule, na huenda nusu ya ploti hazina nyumba hata moja kwa miaka kumi. Nyumbu hasumbuliwi sana na nyumba iliyosimama peke yake uwandani. Kinachomkatia njia ni waya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa anayejenga huko: zungushia nyumba, usizungushie ardhi yote. Mifugo ijengewe boma lake la waya wa mesh, nguzo imara, urefu wa mita 2, na mlango usio na mwanya, maana simba na fisi huingia mlangoni kuliko kwingine. Taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma, ubunifu wa kijana wa Kitengela, Richard Turere, husaidia kwa sababu simba hudhani kuna mtu anayetembea na tochi. Taa inayowaka bila kubadilika humzoesha.

Kama ni lazima mpaka wa shamba uwe na waya, waya wa chini uwe laini, usiwe seng'enge, na uwe sentimita 45 kutoka ardhini ili swala wapite chini yake. Wa juu uwe laini pia na usizidi mita 1.1. Seng'enge ibaki katikati, au isiwepo kabisa. Na zungumza na jirani kabla ya kuchimba nguzo. Njia ya wanyama haihitaji kila ploti iwe wazi, inahitaji mstari usiokatika, na ploti moja iliyofungwa mahali pabaya huharibu wema wa majirani ishirini.

Sasa maji, ambako ndiko mambo yanakoharibika hasa.

Jiji lenyewe linakunywa maji ya milima iliyohifadhiwa. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, linalolishwa na mito ya msitu wa Aberdare. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Handaki la Kaskazini, lenye urefu wa kilomita 11.8, limechimbwa kuchota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati ili kuongeza mita za ujazo 140,000 kwa siku. Hata hivyo mahitaji ya jiji bado yanazidi maji yanayofika, na sehemu kubwa ya yanayofika huvuja au kuibwa kabla ya kusomwa kwenye mita. Ukiuziwa ploti Kitengela kwa ahadi kwamba "maji ya kaunti yanakuja", kumbuka kwanza foleni iliyoko mbele yako. Bomba la Noolturesh, linaloleta maji kutoka chini ya Kilimanjaro hadi Kajiado, Kitengela, Athi River na Machakos, limekwisha kugawanywa kupita uwezo wake.

Basi watu huchimba visima virefu, na maji yanayotoka ni yale wakazi wa Rongai na Kitengela wanayoyaita maji ya chumvi. Chumvi ni usumbufu. Hatari ni floraidi, ambayo haina ladha wala harufu. Mawe ya volkano ya eneo hili huiyeyusha ndani ya maji, na visima vingi hupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayeyanywa meno yanapotengenezeka, kabla ya kufika miaka 8 hivi, huota meno ya kahawia yasiyosafishika. Kwa miaka mingi viwango vikubwa huumiza hata mifupa. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Kichujio cha mkaa wa mifupa ya wanyama huiondoa, lakini mkaa hushiba, na ukishashiba maji hupita yakiwa na sura ile ile. Anayeutumia bila kupima tena kila miezi michache anajidanganya.

Njia rahisi iko juu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 120, mwaka wa mvua ya milimita 500, ukiondoa moja ya tano inayopotea, hukupa lita 48,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kila mtu kwa siku inahitaji zaidi ya lita 91,000 kwa mwaka. Kwa hiyo paa halitoshi kwa kila kitu, na anayekuuzia tangi moja la lita 5,000 akisema umemalizana na shida ya maji anakudanganya. Ila kwa kunywa na kupika linatosha sana. Tenga lita 20 kwa kila mtu, yaani lita 100 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi katikati ya Oktoba ni kama siku 130, hivyo unahitaji lita 13,000 zilizohifadhiwa mvua za masika zinapoisha: tangi la 10,000 na la 5,000. Maji ya kisima yabaki kwa kufua, kuosha na choo. Yakipungua ya mvua, changanya: maji ya kisima yenye miligramu 4 za floraidi kwa lita, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya mvua, hushuka hadi miligramu 1.3 hivi.

Mafundi hukosea sehemu tatu. Gata, yaani mfereji wa ukingo wa paa, huwekwa bila mteremko, kisha maji hufurika katikati ya paa mvua kubwa ikija. Sentimita 1 kwa kila mita ni sawa. Pili, hawaweki bomba la kumwaga maji ya kwanza. Vumbi la kiangazi na mavi ya ndege huingia tangini. Kwa paa hilo tenga lita 120 za mwanzo zimwagike. La tatu ndilo ghali: tangi huketishwa juu ya udongo mweusi mzito wa nyanda hizi. Lita 10,000 ni tani 10. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, msingi ukaenda upande na tangi likachanika kwenye kiungo cha bomba. Chimba uuondoe mpaka ufike kwenye maramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba, jaza mawe na maramu, shindilia, ndipo umwage zege.

Udongo huo huo ndio unaoshinda watu kwenye maji taka. Tangi la maji taka la vyumba viwili likiwa zima, cha kwanza kikichukua theluthi mbili, huzamisha uchafu na kuachia maji yapite kwenye shimo la kunyonya. Penye udongo mweusi shimo halinyonyi. Masika likijaa, maji hupanda juu na kuteremka kuelekea mtoni, na mto huo ndio Mbagathi, ambao wanyama wa mbuga hunywa kiangazi na ambao hukusanya pia yanayotoka Rongai, mji ambao sehemu yake kubwa ilijengwa bila mtaro wa maji taka. Maji hayo huingia Mto Athi na kuteremka hadi Bahari ya Hindi.

Pima kabla ya kujenga. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 kwenye kina unachokusudia, lijaze maji usiku kucha ili udongo ulowe, asubuhi tia maji tena na uangalie saa. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, usijenge shimo la kunyonya hapo. Pima masika, kipimo cha Februari kwenye udongo uliopasuka hukupa jibu zuri la uongo. Udongo ukikataa, chaguo ni tangi lililozibwa linalonyonywa na lori, au maji yapitishwe kwenye kitanda cha changarawe chenye mimea, au majirani wachange mtambo mmoja. Baiodaijesta, yaani matangi ambamo vijidudu huozesha uchafu, zinazouzwa kama "hazijai kamwe" hupunguza uchafu mzito, hilo ni kweli. Lakini lita zilizoingia lazima zitoke, na zikitoka zinahitaji udongo unaonyonya kama tangi lolote. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Penye mwamba wenye nyufa, ongeza umbali, maana maji taka hayachujwi na ufa.

Karatasi nitazipitia haraka. Kisima kirefu huhitaji ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini na idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba, si baada. Kingo za mto zina akiba, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, ya kati ya mita 6 na 30 kutoka maji yanapofikia juu zaidi, na baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa majengo hadi mita 30 Nairobi, kwa hiyo panga kwa 30. Shamba la kilimo haligawanywi kisheria bila ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, wala kujengwa mtaa bila kubadilishiwa matumizi na kaunti. Muuzaji mwenye hati moja kubwa na ramani ya mkono hajavuka hatua yoyote kati ya hizo.

Kwa upande wa mwenye ardhi, usimlaumu anayekata shamba lake ploti. Mpango wa kukodi ardhi ulioanza mwaka 2000 ulilipa familia za Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu tatu zilizolingana na karo za shule, kwa sharti la kutozungusha ua, kutochimba mawe na kutogawa. Ulikuwa mpango mzuri, na udhaifu wake ulikuwa wazi: fedha zilitoka kwa wafadhili, na ahadi ilimfunga aliyetia sahihi tu. Shamba likiuzwa, mnunuzi huanza upya.

Sheria ya mazingira ya 1999 na ile ya wanyamapori ya 2013 zinaruhusu masharti ya uhifadhi yasajiliwe juu ya hati yenyewe, na masharti hayo humfuata kila mmiliki ajaye. Mwenye ekari 60 anaweza kuiachia familia ekari 5 za nyumba, kisima na tangi la maji taka upande wa barabara, na kuweka sharti la kutokuwa na ua kwenye 55 zilizobaki kwa malipo anayokubaliana. Ifanyike kabla ya kugawa. Ploti 400 zikishauzwa, hakuna anayeweza kukusanya sahihi 400. Na mnunuzi anapofanya upekuzi wa hati, asiishie kwenye jina la mwenye shamba. Asome mpaka sehemu ya vizuizi, maana humo ndimo sharti la ua litakuwa limeandikwa.