Kidole kimoja kwenye fuwele

Jamani, nimetoka semina ya fizikia sasa hivi na kichwa bado kinazunguka.

Mada ilikuwa maltiferoiki: vitu ambavyo ndani yake umeme na sumaku vimejipanga vyenyewe, kwa pamoja. Nilijua vipo. Kwa nini ni adimu hivyo, sikujua.

Mhadhiri akaweka mezani modeli ya perovskaiti, aina ya mpangilio wa atomi kwenye fuwele. Atomi kubwa kwenye pembe nane za mchemraba, ndogo katikati, oksijeni sita zimeizunguka.

Akaisukuma ile ya katikati kwa kidole. Kidogo tu!
Upande mmoja ukawa chanya, mwingine hasi.

Kwenye perovskaiti iitwayo bariamu titaneti, titani ya katikati husogea hivyo kwa sababu ganda lake la elektroni za d (moja ya makundi ya elektroni kwenye atomi) ni tupu. Sumaku nayo inataka ganda hilo lisiwe tupu. Mwanasayansi Nicola Hill (leo Spaldin) aliuchambua mgongano huu mwaka 2000.

Sasa bismuthi feraiti, perovskaiti ambayo ni maltiferoiki, inaponea wapi? Imegawa kazi. Chuma cha katikati kinashika sumaku, na bismuthi ya kwenye pembe za mchemraba, yenye jozi ya elektroni isiyoshiriki kwenye vifungo, ndiyo inayosogea na kuleta umeme. Vyote viwili vinadumu kwenye joto la kawaida la chumbani.

(Sumaku yenyewe ni dhaifu, tusidanganyane. Sumaku za atomi jirani zinaelekea kinyume, karibu zote zinafutana.)

Wanakemia mliomo humu, hiyo jozi ya elektroni mngemweleza vipi mtoto wa kidato cha sita? Nasubiri hapo chini.